Advansi (kidato cha tano na sita) njaa ilikuwa ya wote, chuo kila mtu na yake. Mliosoma Kusini njooni

#1 Mwana Tandahimba

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha sita mwaka huu. Kapata Divisheni Two ya pointi 11, HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), na tangu matokeo yatoke hashiki jembe, kutwa yuko kwenye simu anachungulia vyuo. Juzi tumekaa uani tunabangua korosho za kula, akaniuliza, "Kaka, hivi chuo kukoje? Kunatofautianaje na shule?"

Nikampa jibu ambalo kila mtu hulitoa: chuo kuna uhuru. Hakuna fimbo, hakuna kengele, unavaa unachotaka, darasani unaingia ukijisikia. Dogo akacheka mpaka magego yakaonekana. Usiku nikabaki najigeuzageuza kitandani. Nimemdanganya mtoto wa mama yangu. Uhuru upo, sikatai, ila baada ya wiki mbili umeshauzoea. Kilichonipiga mimi chuoni ni kitu kingine, na sijawahi kumwambia mtu. Ngoja nikiseme hapa ambapo hamnijui.

Naanza na shule. Niliripoti kidato cha tano Julai 2016, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), shule ya bweni ya serikali upande wa Masasi. Wenyeji wa huku mnaujua mwezi wa saba ulivyo. Mikorosho iko kwenye maua, mzee kamalizia hela yote kwenye salfa na vibarua, mnada mpaka Oktoba. Na ndio mwezi fomu ya kujiunga inapotua mezani: ada 70,000 (ilikuja kufutwa 2022, wadogo zetu wamefaidi), godoro, tranka, ndoo mbili, jembe, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba. Mzee aliuza kangomba, yaani korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa. Zaidi ya hapo aulizeni wenzangu, mimi siwezi kueleza bila kukasirika.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imefungwa mnyororo kwenye tawi la mwembe nyuma ya ofisi, na kipande cha nondo kimechomekwa kwenye tundu lake. Saa kumi na nusu alfajiri mtu wa zamu anaikung'uta mpaka unaisikia kwenye meno. Kuanzia hapo siku si yako. Usafi, paredi, uji, vipindi, kande, kazi za mikono, ugali maharage, prepo (kujisomea usiku) mpaka saa nne, kuhesabiwa namba, taa zimezimwa. Kesho tena. Tulikuwa tunaichukia ile rimu, kuna jamaa walipanga kwenda kuitupa mtoni, wakashindwa kukubaliana nani atabeba.

Lakini angalia. Chakula kilikuwa kimoja. Kapteni wa chakula anapima maharage kwa kikombe kilichokatika mpini, na kikombe hakijui baba yako ni nani. Mashati meupe mawili, moja mwilini, jingine kwenye kamba. Mimi nililala kitanda cha juu. Wa chini yangu alikuwa kijana mpole anakopa sabuni kama sisi wengine. Siku ya mahafali ya kidato cha sita ndipo nikaona baba yake kaja na basi zima la ndugu, tena basi lenyewe ni lake, na analo lingine. Karibu miaka miwili nimelala juu ya mtoto wa mwenye mabasi sijui.

Jambo jingine. Kidato cha tano nilipata malaria. Kabla mimi mwenyewe sijajua naumwa, kiranja wa bweni alikuwa ameshajua, kwa sababu sikwenda kupokea uji. Akaja kanuna, kashika daftari la majina aniandike mtoro, aliponigusa paji la uso akaweka daftari chini.

Sasa chuo. Nilimaliza JKT pale Nachingwea, Novemba 2018 nikaingia mwaka wa kwanza ualimu, chuo kimoja hapahapa Mtwara Mjini. Mzee alikuwa amepiga hesabu zake: shule ilifungua wakati wa maua, chuo kinafungua wakati wa mnada, safari hii hatuuzi kangomba. Ule ulikuwa msimu ambao serikali ilinunua korosho kwa 3,300 kwa kilo. Wenye mikorosho mnakumbuka tulivyosubiri malipo.

Nikapanga Magomeni ya hapahapa Mtwara, chumba cha 25,000 kwa mwezi, wawili. Bumu la kwanza, hela ya mkopo ya kujikimu, likatoka. Enzi zetu ilikuwa 8,500 kwa siku, siku sitini unasaini 510,000. Sijawahi kushika hela kama ile. Kodi, sehemu yangu ya miezi sita 75,000. Godoro 90,000. Simu iliyokwishatumika 130,000, maana kila tangazo la darasa liko WhatsApp. Suruali, mashati na viatu 60,000, kwa sababu chuo hakuna sare, na mtu usiye na sare kila asubuhi unavaa kipato chako. Nyumbani nikatuma 100,000, mzee ana magunia ghalani lakini chumvi hana. Jumlisha. Ilibaki elfu hamsini na tano ya kula siku sitini.

Hapo ndipo nilipojifunza pasi ndefu. Unaruka chai, unaruka cha mchana, unakula mara moja jioni, mpira umetoka kwa kipa mpaka kwa mshambuliaji. Saa saba mchana kipindi kikiisha watu wanajigawa bila hata kuambizana. Wa chipsi kuku wanaelekea kwao, wa wali maharage kwa mamantilie, wa mihogo na pilipili kwao. Mimi nabaki kwenye kimbweta, benchi la kusomea nje, nimefungua desa (notsi). "Oya, twende tukale." "Nendeni tu, nimeshakula."

Hilo neno "nimeshakula" nimelisema chuoni mara zisizo na idadi. Shuleni sikulisema hata siku moja. Tungekuwa na njaa tungekuwa nayo wote, tungeitukana pamoja bwaloni, usiku tungeitungia nyimbo.

Muhula wa pili nikaumwa. Mwenzangu wa chumba alikuwa amekwenda msibani Liwale. Siku nne niko ndani na panadoli na maji ya dumu. Siku ya tano nikajikokota darasani, nikamuomba kiongozi wa darasa nione karatasi za mahudhurio nijue nimekosa vipindi vingapi. Sijakosa hata kimoja. Rafiki yangu alikuwa ananisainia. Siku zote nne nilizokuwa natetemeka Magomeni, kwenye karatasi nilikuwepo.

Basi ndiyo hiyo. Nimwambieje dogo?

#2 Kipara wa Bima

Daah, mkuu umeandika mpaka nimeona njaa. Ngoja nikatafute mihogo.

Ila mimi siungani nawe. Shule nilichapwa kwa kosa la mtu tunayefanana naye kichogo. Chuo hakuna aliyenigusa. Nipe njaa yangu ya siri kila siku kuliko fimbo ya hadharani.

#3 Binti Newala

Kaka Mwana Tandahimba, umesema ukweli lakini umesema nusu ya wanaume.

Mimi advansi nilisoma bweni la wasichana huku juu kwetu, kwenye uwanda wa Makonde. Wa pwani hamwezi kuelewa. Huku hakuna mto, maji ni ya mvua kwenye matangi au ya bomba likijisikia. Tulipewa ndoo moja ya lita ishirini kwa siku: uoge, ufue, usuuze sahani, na za siku zako za mwezi humohumo. Ile ndoo ilinifundisha hesabu kuliko mwalimu. Na ndiyo, ilikuwa ya wote. Ukiishiwa, wa jirani anakumiminia kikombe, kesho unamrudishia.

Chuo nikashuka mjini. Maji yapo, dumu shilingi mia mbili unaletewa mlangoni. Nikasema hapa nimefika peponi. Sasa stori yako inasema chuoni hakuna anayejua kama umekula. Kwako. Kwa msichana wanaouliza wapo tele, tatizo ni kina nani hao wanaouliza. Anauliza mwenye bodaboda anayekupakia bure wiki ya kwanza. Anauliza mwenye duka la simu. Anauliza mtu mzima mwenye gari ambaye mabinti zake ni wakubwa kuliko wewe. "Mrembo, umekula?" Na wewe pasi ndefu ni siku ya tatu.

Shuleni ukuta ulikuwa unatuudhi. Tulijua umejengwa tusitoke. Hakuna aliyetuambia ulikuwa unazuia na upande wa pili.

Mimi aliyeniokoa ni dada mmoja wa mwaka wa tatu, Mmwera wa Ruangwa, alikuwa anakaanga maandazi chumbani na kuuza hosteli. Akanipa beseni. Kila andazi kumi nikiuza moja langu. Nilinyanyapaliwa na baadhi ya wenzangu, wakaniita Mama Maandazi mpaka mahafali. Nilimaliza sina deni la mtu.

Dogo mwambie haya ya wavulana. Kama una mdogo wa kike, nitafute nimwambie mwenyewe.

#4 Kipara wa Bima

Binti Newala hapo kwenye ukuta umenimaliza. Nafuta kauli yangu nusu.

#5 Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha kidato cha tano na sita mkoa wa Lindi miaka kumi na moja. Ninawasoma kimya, ila mwenye uzi kuna mahali amepamba.

Njaa haikuwa ya wote, kijana wangu. Ulikuwa huoni. Kulikuwa na tranka zenye kufuli mbili, ndani mna sukari, Blue Band, maziwa ya unga na karanga za kukaanga. Kulikuwa na mama wa chapati nyuma ya ua, na waliokwenda kwake walikuwa walewale. Michango ikitakiwa, majina yanasomwa paredi, na yaliyosomwa Februari ndiyo yaliyosomwa Machi. Mwenye mabasi usingemjua, sawa, lakini maskini wa darasa kila mtu alikuwa anamjua.

Kilichokuwepo ni kwamba sisi walimu tulikuwa na visingizio. Mtoto ana viatu vinavyocheka, humwiti pembeni, unamwita mbele za watu kwa ukali: "Wewe, Jumamosi uje nyumbani kwangu unifyekee!" Wenzake wanamhurumia, kapewa adhabu. Akija anafyeka dakika kumi, mke wangu anamwekea ugali na samaki, anaondoka na elfu tano na viatu vya mwanangu. Nimefyekewa sana, uwanja wangu ulikuwa hauoti hata nyasi.

Mhadhiri mwenye watu mia nne ukumbini atakupataje? Hata jina hakujui, anajua namba ya usajili. Simlaumu.

#6 Mwana Tandahimba

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Mimi nami "nilifyeka" kwa mwalimu mmoja kidato cha sita, na mpaka leo nimekuwa nikijua ile ilikuwa adhabu. Sijui niseme nini.

Na kufuli mbili ni kweli. Nilisahau. Au tuseme sikutaka kukumbuka.

#7 Mkufunzi Mtarajiwa

Wakuu mbona mnaongea kama chuo ni kimoja? Mimi nilitoka kidato cha sita nikaenda chuo cha ualimu ngazi ya stashahada. Nikafunga tranka langu nyumbani, nikasema kwaheri kengele. Nafika, jambo la kwanza ninalolisikia ni kengele.

Sare ipo. Paredi ipo. Mkufunzi wa zamu yupo, na zamu ya usafi, na bustani ya mchicha kila mtu na tuta lake. Ugali maharage uleule, nadhani hata kikombe kilichokatika mpini kilihamia na sisi. Tofauti mbili tu. Wanakuita "mwalimu" hata kama umeshika ndoo ya choo, na ukienda mazoezi ya kufundisha ndipo unagundua kumbe wewe ndiye unayesubiriwa na kengele ya wengine.

Rafiki yangu wa chuo cha utabibu naye, sare nyeupe saa moja kamili wodini, ukichelewa unamkuta mgonjwa ameshajua jina la mwenzako. Hao nao ni wanachuo. Kwa hiyo dogo aulizwe kwanza anakwenda chuo gani.

#8 Nondo za UE

Mmelia vya kutosha kuhusu tumbo, niongee kuhusu kichwa maana nacho kinadisko (kinafukuzwa chuo kwa kufeli).

Advansi yangu ilikuwa masomo matatu na Jeneral Stadizi, basi, miaka miwili. Mtihani ni mmoja, Mei, na kama una pasti pepa za miaka kumi na unapiga msuli, unaweza kuwa umelala kidato cha tano chote na bado ukatoka na Wani. Nawajua watu.

Chuo kosi sita ndani ya miezi minne. Alama zinaanza kuhesabiwa wiki ya nne wakati wewe bado unatafuta ukumbi ulipo. Kwetu koziweki (kazi na majaribio ya katikati ya muhula) ilikuwa 40 na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) 60. Mtu anaamka wiki ya kumi na mbili anakuta ana 14 kati ya 40, na mtihani haujamsubiri. Wanafunzi bora wa shule ndio niliowaona wanaanguka muhula wa kwanza, kwa sababu walizoea kukimbia mwishoni.

Halafu kazi za vikundi. Watu saba, anayeandika mmoja, anayekwenda kutoa kopi mmoja, watano wanauliza "jina langu umeweka?" Shuleni ukitazamia kwa mwenzako unachapwa, chuoni ukibebwa unapata B pamoja na aliyekubeba. Ukiwa mbebaji utachukia binadamu.

Dogo alinde GPA (wastani wa alama) ya mwaka wa kwanza. Kupandisha kutoka 2.9 hadi 3.5 ni kazi ya miaka miwili, kuishusha ni sapu (mtihani wa marudio) moja na kosi mbili za D.

#9 Ming'oko Mitano

Mimi niko chuo sasa hivi, mwaka wa pili, kwa hiyo nawapa taarifa za mbele ya mapambano 😂

Bumu sasa ni 10,000 kwa siku tangu 2022. Msifurahi, na bei za mamantilie zilisikia tangazo. Pia wakubwa mnasema "bumu" kama kila mtu analo. Wapo waliopata ada bila ya kujikimu, wapo waliopata asilimia, wapo ambao hawakupata kabisa na wanasoma kwa korosho za bibi. Na mkianza kazi mnakatwa 15%, sisi tumeshaambiwa mapema.

Njaa ya siri ipo ila imebadilika sura. Siku hizi mtu hasemi "nimeshakula", anaweka picha ya pizza ya mwezi uliopita kwenye status. Halafu anakuja kwako saa tatu usiku "kuazima chaja", anakaa mpaka ugali uive. Sisi geto letu tumeshakubaliana, chaja zote ziko kwetu. Unga kilo mbili kila mtu anayekuja kuchaji mara tatu kwa wiki analeta. Bwaloni tumerudi, tofauti hakuna kengele.

Mama akinitumia ming'oko (viazi pori vya kwetu Kusini) kwa basi, siku hiyo chaja zinaisha mtaa mzima.

#10 Mzee wa Mikindani

Wajukuu, nimewasoma. Nami niongeze la zamani kidogo, ingawa mtasema wazee tunapenda enzi zetu.

Sisi tulipomaliza kidato cha sita na kuchaguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, serikali ilikupa waranti ya kusafiria. Karatasi tu, unaionesha unapanda. Chuoni unalala bure, unakula bure, na kijihela cha mfukoni. Uchangiaji gharama ulikuja miaka ya tisini, na bodi ya mikopo mnayoisema ilianza kazi 2005. Kwa hiyo hiyo njaa yenu ya mwanachuo ni mtoto mdogo, ana umri wa kuweza kuoa tu.

Yetu ilikuwa njia. Mtwara mpaka Dar kilomita kama mia tano na sitini, lakini msimulie mtu wa leo pantoni ya Ndundu! Rufiji ukijaa, mabasi yanapanga mstari, mnalala hapo, mnakula samaki wa kuchoma mpaka nauli ya kurudia inaisha. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Mwanafunzi wa Kusini alikuwa anafika chuoni vipindi vimeshaanza, na tope magotini. Mhadhiri anauliza, "Umetoka wapi?" "Lindi." "Kaa."

Rais Mkapa mwenyewe mtoto wa Lupaso, alipita shule ya Ndanda kabla ya kufika chuo cha Makerere, akamaliza 1962. Sijui alikula nini njiani, ila nadhani muhogo ulikuwemo.

Mjukuu wangu wa Tandahimba, umeeleza ulivyoanguka. Hujaeleza ulivyoinuka. Ulimaliza vipi na hizo elfu hamsini na tano?

#11 Mwana Tandahimba

Shikamoo babu. Umeuliza swali nililolikwepa.

Mwenye nyumba wetu Magomeni alikuwa bibi mmoja, mjane, anauza mkaa wa kupima na makopo barazani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Miezi miwili tulikuwa tunasalimiana tu. Jioni moja narudi, naingia ndani nijifungie kama kawaida, akaniita.

"Mjukuu wangu, jiko lako halijatoa moshi tangu Jumapili."

Ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia, "Bibi, nakula chuoni."

Hakubisha. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya ugali wa muhogo, ule mweusi unaovutika, na kisamvu cha nazi kilicholala. Akaweka juu ya gunia la mkaa, akasema, "Mimi meno yangu hayawezi huu wa leo umekauka, nisaidie usitupwe." Ugali ulikuwa unatoa mvuke, babu. Nikala nimeinama ili asinione uso. Mwalimu wa Zamu, nilivyosoma ile habari yako ya kufyeka nimemkumbuka yeye moja kwa moja, mmesoma shule moja.

Kuanzia siku hiyo nikawa namjazia mkaa kwenye makopo asubuhi kabla ya kwenda darasani, yeye jioni meno yake hayawezi. Nilimaliza chuo hivyo. Mwaka wa pili korosho zikakaa sawa kidogo, nikawa namletea kilo mbilimbili zilizobanguliwa. Hizo meno yake yalikuwa yanaziweza vizuri sana.

Jana nimekaa na dogo nikamsomea uzi wote, kuanzia rimu ya lori mpaka chaja. Akasikiliza kwa makini mpaka mwisho, nikajua sasa nimemfikishia. Akauliza, "Kwa hiyo kaka, nibebe ndoo au nisibebe?"

#12 Binti Newala

Abebe. Na wewe ukiwa unampigia simu usimuulize "umekula?" Atajibu ndiyo, wote tulijibu ndiyo. Muulize "umekula nini?" Uongo wa aina hiyo unachosha kuutunga kila siku, ataachia mwenyewe.

#13 Mwana Tandahimba

Dada, nimejaribu leo mchana, niko shamba yeye yuko nyumbani. Nimempigia: "Umekula nini?" Akanyamaza. Akasema, "Kwani mama kakwambia nimemaliza ile nazi?"

#14 Kipara wa Bima

Huyo yuko tayari kwa chuo. Ila akianza kukujibu wali nyama siku tatu mfululizo, tuma hela.